Viduara vya Zuhura kwenye boneti

Alhamisi. Ukungu umeshuka tangu alfajiri, nyumba ya jirani haionekani. Baridi ya Tukuyu nimezaliwa nayo, lakini mwaka huu naiona kali zaidi.

Jumamosi Mwanaidi anaolewa. Ni mtoto wa dada wa Zuhura, marehemu mke wangu, na mimi na Zuhura tumemlea tangu hajaanza shule. Ananiita baba. Gari litakalompeleka kwa mume wake, kule Masoko, ni hili langu jeusi. Kwa hiyo leo sikufungua duka. Nimeshinda na ndoo.

Gari jeusi halifichi kitu. Jeupe ukilipangusa ovyo hakuna atakayejua, lakini jeusi linatunza kila mkwaruzo. Tena udongo wetu huu wa mlimani una chenga ndogo ndogo, na vumbi lake ukilisugua likiwa kavu ni sawa na kupiga msasa. Kwa hiyo kwanza namwaga maji mengi bila kugusa, vumbi lidondoke lenyewe. Halafu ndoo mbili, moja ya povu, moja ya kusuuzia kitambaa. Naanza paani nashuka chini, na mkono unakwenda kwa kunyooka, kutoka mbele kwenda nyuma. Nikimaliza nakausha palepale kwa taulo laini, maana maji yakijikaukia yanaacha madoa.

Zuhura hakufuata hata moja katika hayo.

Kila Ijumaa, mimi nikiwa dukani Bulyaga, alikuwa anatoka na sabuni ya vyombo na kipande cha kanga kuukuu, anaosha boneti ili niende msikitini na gari linalong'aa. Boneti tu. Paa hakulifikia, na milango alisema ni kazi yangu. Alizungusha mkono kama anayesugua sufuria. Nilimweleza habari ya kunyoosha mkono, akanisikiliza vizuri mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Kwani sufuria zangu huwa unazikuta chafu?"

Nilichukua kofia yangu nikaenda kuswali.

Alifariki mwaka jana, wakati wa masika.

Mchana ukungu ulifunguka kidogo, na Ambakisye akafika. Ni fundi rangi, kijana wa Ikuti mwenye mikono mizito na maneno mengi, na nilimwita mwenyewe aje na mashine yake ya polishi. Alianza na milango. Nakiri kwamba nilifurahi. Mlango wa nyuma ulitoka kama kioo, nikaiona migomba yote ya uani imesimama ndani yake.

Wakati anahamia mbele, jua likatoka.

Hapo ndipo vilipoonekana. Siku za mawingu hutaviona, na huku kwetu siku nyingi ni za mawingu. Lakini jua likipiga boneti, vinatokea viduara vyembamba, vingi, kimoja juu ya kingine, kila kimoja kikubwa kiasi ambacho mkono wa mwanamke unaweza kuzunguka bila yeye kusogeza miguu.

"Mzee Salehe," Ambakisye alisema, "hapa buibui wamefanya harusi kabla ya Mwanaidi."

Nilicheka pamoja naye. Alinieleza kwamba si kazi kubwa. Mashine inakula ngozi ya juu ya rangi, kidogo sana, na mikwaruzo inaondoka pamoja na ngozi hiyo. Ikishaondoka, imeondoka. Alikuwa tayari ameshika swichi nilipomwambia asubiri.

Aliniuliza nasubiri nini. Akasema watu watapiga picha mbele ya boneti, si mbele ya milango, na wakiona vile watauliza fundi ni nani. Alikuwa anasema kweli. Na mimi ndiye niliyemwita. Niliangalia kitambaa mkononi mwangu.

Nguo za Zuhura nimeshazigawa. Kanga zake wamechukua dada zake, na ndivyo ilivyotakiwa. Sikufikiri kama kuna kazi ya mkono wake iliyobaki nje, uani, kwenye bati la gari.

Mwanaidi alikuja na chupa ya chai. Nilimwambia Jumamosi gari ni lake, kwa hiyo aamue yeye, boneti ing'ae kama milango au ibaki kama mama alivyoiacha. Nilisema kwa sauti ya kawaida. Ukweli ni kwamba niliogopa. Bibi harusi gani hataki gari linalong'aa? Na akisema ing'ae, nilikuwa nimejiandaa kuingia ndani mpaka mashine inyamaze.

Aliweka chupa chini. Akainama, akatazama kwa upande, jua likiwa bado lipo.

"Ndivyo alivyokuwa ananiogesha," alisema. "Mgongo wangu wote, anazungusha tu, mpaka ngozi inawaka moto. Mwache, baba. Mwache hapo hapo."

Hakusema viache. Alisema mwache.

Ambakisye alizima mashine ukutani, akaanza kuzungusha waya wake taratibu. Baadaye akaniuliza, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake, kama naruhusu apake nta. Akasema nta haifuti kitu, inalinda kilichopo, jua na mvua visikile. Nilimruhusu. Alipaka kwa mkono, kipande kwa kipande, na hakuleta tena utani wa buibui.

Jioni mvua imenyesha. Nimetoka na mwavuli kutazama. Matone yalisimama juu ya boneti kama shanga, kisha yakateleza yakaanguka, na chini yake rangi ikabaki kavu. Viduara havikuonekana, lakini najua vilipo.

Nyumba imejaa wanawake sasa hivi. Wanamenya vitunguu, na kila anayepita mlangoni anaangalia juu na kuomba mvua isije Jumamosi. Nami naitikia amina.

Ila nina ombi langu la pembeni. Mvua kutonyesha tu hakunitoshi. Litoke jua, hata la dakika chache, Mwanaidi atakapokuwa anapita mbele ya gari kwenda kupanda.