Siku ya Kumnyoa Maganga

Mama Mshauri mpendwa, nakusalimu kutoka huku bondeni Usangu, na naomba unisikilize mpaka mwisho bila kunichoka, maana moyo umejaa na hapa kijijini sina wa kumwambia. Mimi ni Nyamizi, tulihamia huku na ng'ombe zetu kutoka Usukumani, na mume wangu Bujiku ndiye mkuu wa mgambo wa kijiji, mgambo wenyewe wana bunduki mbili za zamani na marungu basi, ndizo serikali imeweza kutupa, na hatulalamiki, tunajua nchi haina. Sasa Mama, kuna watu wamejificha mapori ya kuelekea mto Ruaha, walianza kama watu wa maombi tu, mara wakasema shule ni dhambi, chanjo ni dhambi, kukaa kijijini ni dhambi, na asiyewafuata hastahili kuishi, na mdogo wangu Maganga niliyembeba mgongoni akawafuata. Masika yaliyopita walikuja wakachoma zahanati, na mwalimu Tadeo aliyekuwa akitufundisha kusoma sisi watu wazima wakamuua mlangoni pa darasa, na hizi herufi unazosoma ndiye aliyenifundisha, kila nikiandika namwona.

Sasa baba yetu amefariki, na kwetu siku ya kuanua matanga watoto wote wa marehemu wananyolewa pamoja, asiyenyolewa na wenzake msiba unabaki kwake, unamwandama yeye na watoto wake. Nikamwonea huruma Maganga. Nikamtuma mzee mmoja mchunga ng'ombe anayekutana nao porini ampelekee habari ya siku, na amwambie asiogope, kwa desturi siku hiyo silaha haiingii uani, mikuki na bunduki vyote vinaachwa kwa jirani, hata shemeji yake Bujiku na wenzake wote wa mgambo watakaa chini mikono mitupu. Akajibu atakuja. Nilifurahi, nikacheza peke yangu jikoni. Lakini tangu hapo usingizi umenipaa, maana nikimwambia mume wangu watamkamata mdogo wangu kwenye msiba wa baba yake, na nani katika ukoo atanitazama tena? Nikinyamaza, namficha mume wangu na nampikia mtu ambaye labda alikuwepo mwalimu alipouawa. Nifanyeje, Mama? Nampa barua hii Juliana, muuza vitunguu wa Ruaha Mbuyuni, aifikishe kwako mwenyewe.

Mimi Nyamizi

Nyamizi mwanangu,

Barua yako haitatoka gazetini. Juliana amekaa hapa ofisini Iringa anakunywa chai, na nimemwambia haondoki bila jibu hili.

Pole kwa kufiwa na baba. Pole na ya mwalimu. Sasa ngoja nikugombeze. Hivi, umeyasoma mwenyewe uliyoyaandika? Unaniuliza kama mdogo wako atakamatwa, na mimi naona jambo lingine kabisa. Watu waliochoma zahanati yenu umewapelekea siku, umewapelekea mahali, ukawaambia na kwamba mgambo wote watakuwa wamekaa chini bila silaha. Lo! Nani kakuambia Maganga atakuja peke yake?

Sisemi mdogo wako anataka kuwaua. Huenda huko porini analia, anataka kunyolewa kama wewe unavyotaka. Lakini ana wakubwa wake, na wakubwa hao wana masikio. Wazee waliweka silaha nje ili wafiwa walie kwa amani, na hiyo ni ahadi ya kila anayeingia uani. Mmoja asipoishika, wengine wote wamekwisha.

Ukoo naujua, mama. Watakusema, tena watakusema sana. Waache. Nchi maskini kama hii yetu haiwezi kuweka askari kila kichaka, na hao watu wanalijua hilo. Wanategemea huruma ya madada kama wewe.

Kwa hiyo mwambie Bujiku leo hii, yote, na lile la mikono mitupu usiliruke. Akifoka, afoke, ana haki. Wazee wabadili siku ya matanga, na yule mchunga ng'ombe asiambiwe siku mpya. Kupitia kwake Maganga apelekewe neno jingine tu: akitaka kunyolewa, aje misheni kwa padre, mchana kweupe, peke yake, bila hata kisu, na wewe dada yake utakuwa pale na wembe. Kabla neno halijaenda, Bujiku akuahidi mbele ya mwenyekiti wa kijiji kwamba Maganga akijisalimisha hapigwi, anafikishwa polisi akiwa mzima. Na Maganga naye aambiwe wazi kwamba polisi ndiko anakokwenda. Usimdanganye. Habari za mwalimu Tadeo ataulizwa mahakamani, wewe usizisamehe kwa niaba ya mjane wake.

Najua hili linakukata maini. Ulimbeba mgongoni, na leo nakuambia umfungie mlango. Lakini mlango wa misheni uko wazi, achague mwenyewe kuingia.

Asipokuja, nyolewa bila yeye. Utalia siku hiyo, na mimi huku nitalia nawe. Lakini ukiinua kichwa, utamwona Bujiku amekaa na watoto wako, wote wanapumua.