Chumvi Ilitosha

Kwako dada,

Natumaini ulifika salama. Bakuli ulilonibebea chakula maabara nimeliosha, liko juu ya friji.

Siku ile mkuu wangu aliponiuliza wewe ni nani, nilimjibu ukisikia, "Dada yangu. Hana kazi, yuko tu nyumbani." Ukatabasamu, ukaniuliza kama chumvi imetosha.

Jana nilikuwa nafundisha. Nikaeleza kwamba ndani ya seli zetu kuna molekuli ziitwazo RNA zisizotengeneza protini yoyote, na wataalamu walizoea kuziita takataka. Kumbe zile fupi huzima jeni, na baadhi ya zile ndefu huzinasa hizo fupi ili jeni ifanye kazi yake. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Kwa hiyo hiyo ndefu yenyewe haitengenezi kitu?"

Hapo nikakuona umesimama mlangoni siku baba alipotaka kunitoa shule, umemshika mkono. "Mwache asome. Kazi za hapa nitafanya mimi."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikasingizia kikohozi, nikatoka nje.

Chumvi ilitosha, dada. Siku ile sikukujibu.

Ni mimi, mdogo wako uliyemsomesha.