Nta ya Masega Meusi

Jumanne, 3 Juni
Tumekamua na kuyeyusha mzigo mpya wa masega kutoka Ugalla. Asali safi. Nta hapana. Kila kilo mia za masega nimezoea kupata nta kilo kumi. Leo sita. Hesabu zangu hazijawahi kunidanganya. Kazi hii niliianza na asali kwenye chupa za soda pale stendi, jua la kichwani, hakuna aliyeniazima hata ndoo. Leo nina wafanyakazi na kuna mtu ananila.

Alhamisi, 5 Juni
Sita tena. Nimewatangazia: kuanzia kesho hakuna anayetoka getini bila kupekuliwa. Wanawake nitawapekua mwenyewe. Zuhura, ambaye hawezi kunyamaza hata msibani, akasema, "Madamu, nta niifiche wapi na joto hili? Si nitafika nyumbani nimekuwa mshumaa!" Wakacheka wote. Mimi sikucheka. Mwizi naye hucheka.

Ijumaa, 6 Juni
Sijui niandikeje.

Mama Paskalia. Mtu mzima, mwenyeji wa Usevya. Ndiye aliyenifundisha kuchuja asali kwa kitambaa nilipokuwa sina mashine. Nilipomgusa kifuani, upande wa kushoto, nikasikia kitu kigumu. Akanishika mkono, akanong'ona, "Hapo acha, mdogo wangu. Twende ndani." Nikaona ndiyo dalili yenyewe. Nikasema kwa sauti, wote wasikie, "Nta hii hapa!" Nikavuta.

Vitambaa. Vimekunjwa, vikashonwa vikawa duara. Titi hana. Alikatwa.

Getini, mbele ya wenzake, mbele ya vijana wa kupakia mzigo.

Akaokota vitambaa vyake, akakung'uta vumbi, akaondoka. Hakuna aliyenitazama.

Jumamosi, 7 Juni
Hajaja. Nta ni ileile, sita. Nikajiambia, basi mwizi ni mwingine. Yaani baada ya yale ya jana bado natafuta mwizi. Mtu gani mimi.

Jumapili, 8 Juni
Sikwenda misa. Nilijifungia kiwandani na masega kilo hamsini. Nikapima, nikakamua, nikayeyusha, nikachuja. Peke yangu. Nta kilo tatu.

Sasa nani kaiba?

Nikayatazama masega. Meusi, makuukuu, ambamo nyuki wamelelea watoto wao miaka na miaka. Ya namna hiyo makapi mengi, nta haba. Najua hilo tangu zamani. Niliyanunua kwa bei ya kutupa, nikajiona mjanja, halafu nikayapigia hesabu ya masega mapya. Kosa ni la hesabu. Hesabu ni yangu.

Jumatatu, 9 Juni
Nimekwenda nyumbani kwake. Nikapiga magoti. Hakuniinua.

"Ungeingia ndani ningekuonyesha," akasema. "Aliyekuwa anajua ni marehemu mume wangu tu."

Nikamwomba arudi kazini. Akasema atarudi, ana wajukuu wa kulisha. Lakini maneno yangu nikayaseme palepale getini nilipomwaibishia, si hapa uani ambapo wanaonisikia ni kuku.

Nikamkubalia. Njiani nikaanza kutafuta namna ya kuyasema nusu. Hata hilo naliandika.

Jumanne, 10 Juni
Nimesema yote. Masega, hesabu, mikono yangu. Upekuzi nimeufuta. Mwishoni nikanyoosha mikono juu, nikawaambia, nyie nipekueni na mimi. Sijui nilitaka nini. Pengine nionewe huruma.

Mama Paskalia akajibu, "Shusha mikono, Madamu. Sisi kwako hatuna tunachotafuta."

Hakuniita mdogo wangu.

Ijumaa, 13 Juni
Kazi inakwenda. Hakuna aliyeacha. Wanasema wamenisamehe, na naamini hawanidanganyi.

Ila stoo ya nta siku hizi haingii mtu peke yake. Sijawaagiza. Wanaitana wenyewe, wawili wawili. Leo mchana wengine wakiwa wanakula, Mama Paskalia akaja mlangoni pa ofisi yangu.

"Madamu, nahitaji ndoo. Njoo uone ninavyoichukua."

Nikamwambia achukue tu. Hakusogea. Nikainuka, nikamfuata mpaka stoo, nikasimama. Akachukua ndoo moja, akaigeuza juu chini nione haina kitu, akarudi kazini.