Ombi la Mwanaidi

Mama yangu, shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima hapo Mabawa, na mguu umepungua uvimbe. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio umevunjika, na kwenye simu nilishindwa kukueleza.

Unamkumbuka Mwanaidi wa Kigombe, mfanya usafi wa hapa kazini kwetu Maskati, yule aliyekuletea halua? Mama yake alizidiwa na maradhi. Mwanaidi akatuma ombi la ruhusa ya dharura kwa kompyuta, kama tulivyofundishwa wote. Akajibiwa asubiri zamu yake. Akasubiri siku sita. Siku ya saba akapigiwa simu kwamba mama yake ameshazikwa.

Programu inayopokea maombi hayo niliiandika mimi. Ombi likiingia, inauliza kuanzia juu kwenda chini: hili ni la aina gani? Ikipata ndiyo ya kwanza inaishia hapo, maswali ya chini haiyagusi. Sasa ombi la dharura nalo ni aina ya ombi la likizo, kama changu wa baharini alivyo aina ya samaki. Mimi nililitanguliza swali la likizo, la dharura nikaliweka chini yake. Ukianza kuuliza, "Huyu ni samaki?" changu ameshatumbukia kapu la samaki wote, swali lake mwenyewe halifikiwi. Basi dharura zote zilikwenda foleni ya mapumziko, na meneja hakupata habari.

Kurekebisha kulikuwa ni kupandisha mistari miwili tu. Chai yangu haikuwahi kupoa. Nikaenda kujifungia chooni nikalia.

Mkubwa wangu alinishauri ninyamaze. Sikuweza, mama. Nilimkuta Mwanaidi anafunga begi, nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo hakuna aliyenikatalia?"

Nikamwambia hakuna.

"Wala hakuna aliyelisoma."

Akaendelea kukunja kanga zake. Hakunitukana, wala hakuniaga.

Nisalimie baba mdogo, fundi cherehani wetu, na bibi wa Usagara, na wifi yangu na kichanga chake.

Mwanaidi yuko kwao tangu juzi. Nakuomba uende Kigombe, ukakae naye matangani, umpe mkono wa pole. Akinitaja kwa uchungu, mama, usinitetee.

Ni mimi binti yako,
Zuhura