Chui wa Shamba la Mupunga

Aziza, soma peke yako, na usicheke kwa sauti.

Unaijua ile njia ya tembo inayokata shamba langu la mupunga. Wapagazi wameifanya yao, wanakanyaga miche yangu. Basi leo alfajiri, matope yakiwa laini kwa mvua ya kwanza, nikapiga nyayo za chui kwa ngumi na vidole, kutoka mutoni mupaka mwisho wa shamba.

Wapagazi wakakimbia. Hapo nilifurahi sana.

Kumbe wamekwenda kumwita Hemedi, yule muwindaji anayejivuna. Akachuchumaa juu ya nyayo. Akasema, "Ni jike. Muzee, muzito, muvivu. Tena hana dume."

Hilo la dume ni kweli. Lakini muzee? Mimi, Aziza? Muzee?

Nikajikuta nasema, "Huyo si muzee."

Wote wakanigeukia. Hemedi akaangalia mikono yangu. Iko na matope mupaka kwenye viwiko.

Akasema polepole, "Kweli, nimekosea. Iko kijana, na muzuri. Jioni nitakuja kumuvizia, peke yangu."

Aziza, nitumie wanja wako. Sasa hivi.