Paa la Ukumbi Wetu

Kaka Fiachra,

Huku Konamara mvua ni ile ile, na viazi vimestawi. Serikali ya Ireland imekubali kutoa fedha za kukarabati paa linalovuja la ukumbi wetu wa maigizo ya Kiairishi. Jirani yetu Bríd akasema, "Sasa tutacheka bila mwavuli."

Shemeji yako Máirtín alilia kwa furaha, ila hakutoa sauti. Nilikuficha: alipasuliwa koo kwa sababu ya saratani, na hatazungumza tena.

Waigizaji wenzake walipomuuliza nani atashika nafasi yake jukwaani siku ya ufunguzi, aliandika: "Shemeji Fiachra. Kiairishi chake kimeota kutu huko Boston, lakini nitakisugua."

Njoo, kaka. Kila jioni anakaa mbele ya kioo, anajizoeza kukufundisha kwa midomo tu.

Dada yako, ninayekutandikia kitanda,
Sorcha