Waridi la Mama Zaina

Mjukuu wangu Furaha,

Huku Uvira tuko wazima; mama yako amerudi juzi kutoka Kamanyola. Unaniuliza kwa nini rozi kwa Kiswahili ni waridi. Hata miye niliuliza hivyo nikiwa msichana.

Mwezi wa tano, mwezi wa Bikira Maria, mtawa wetu alituomba tulete rozi kwa maandamano. Tulijua kwamba neno rozari lilitoka kwa Kilatini, maana yake bustani ya rozi, lakini ua lenyewe hatukuwa tumeliona. Nikamuuliza jirani yetu wa mtaa wa Kasenga, Mama Zaina, aliyekuwa Mwislamu. Akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye uzio uliotutenganisha.

"Njo hii rozi yenyewe. Sisi tunaiita waridi, neno la Waarabu."

Lilikuwa limechanua moja tu. Akalikata, akanipa.

"Mama, lakini hii iko ya Maria," nikamwambia.

"Kwetu Mariamu. Tunamujua."

Nilienda kanisani polepole, nikiwaza ni njia zipi zilizoyaleta majina yote hayo mpaka kwenye uzio wetu mmoja.

Na huko kwenu Kinshasa, kwa Kilingala, ua hili wanaliitaje? Usitafute kwenye simu. Uliza mtu aliyelipanda.

Koko wako